Uji Mweupe Ulivyonirudisha Chumba cha Upasuaji

Jumapili nimepata ujumbe wa msomaji anayeishi Pasua, Moshi (jina lenyewe!): "Dada, mama anapasuliwa utumbo mwezi ujao, tumemwanzishia uji mwepesi tumbo lipumzike." Nikaweka simu chini. Uji mwepesi tena!

Nilipokuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana, nilishuka kutoka kilo 68 hadi 57 ndani ya miezi minne. Mawifi Kibosho wakanisifia nimependeza. Mama mkwe, Mungu ambariki, akanikataza mtori wa nyama. Wiki tatu nzima uji mweupe na chai ya rangi. Nilikopasuliwa hakuna aliyeniuliza ninakula nini. Siku ya sita homa ikapanda, mshono ukatoa usaha, na ndani utumbo ulikuwa umevuja pale ulipounganishwa. Nikarudishwa mezani, nikatoka na mfuko wa choo tumboni. Miezi saba! Kanisani nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, maana mfuko ule hauna adabu, unanguruma padri akiwa amenyamaza.

Daktari wa pili ndiye aliyenifungua macho. Kidonda hufungwa kwa protini, na kinga ya mwili pia huitegemea. Ukipungua zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito ndani ya miezi sita, uko hatarini, na upasuaji usio wa dharura unaweza kusogezwa wiki moja au mbili ulishwe kwanza. Akataka gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo yangu, kila siku. Yai moja lina kama 6, piga hesabu mwenyewe.

Nilikula. Mayai, mtindi, mtori wenye nyama na dagaa wa kusaga. Mama mkwe akaguna, nikaongeza bakuli. Baada ya mfuko kuondolewa na utumbo kuunganishwa tena, siku ya tano nilitembea mwenyewe hadi getini.

Kwa hiyo kuleni, jamani! Kumnyima mgonjwa chakula si kumpenda. Ila uvimbe ukiwa umebana njia, maharage na mboga ngumu vinaweza kuziba, muulizeni daktari. Hata siku yenyewe ya upasuaji, wengi huruhusiwa maji matupu hadi zibaki saa mbili kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Mimi mara ya kwanza nilikaa tangu jioni hadi saa nane mchana bila tone.

Wewe wa Pasua, kesho mpandishe mama kwenye mizani, uandike namba, uende nayo kliniki. Na uji wa leo usiumwage, utie maziwa na karanga za kusaga.