Utelezi wa mlenda unalinda ini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Kikundi chetu cha akina mama hapa Urambo, Tabora, tunakausha mlenda, tunausaga na kuuuza kwa pakiti, mwingine tukiuchanganya na karanga. Mteja mmoja katuambia utelezi wake una polisakaridi zinazolinda ini, tuandike hivyo kwenye pakiti tutauza sana. Ni kweli? Na magadi hayaziharibu?

Jibu: Marahaba, dada. Mteja wenu hakudanganya, ila karuka hatua kadhaa.

Polisakaridi ni minyororo mirefu ya sukari. Hata wanga wa ugali ni polisakaridi, lakini huo tumbo linaumeng'enya, utelezi haliuwezi. Utelezi wa bamia, uliochunguzwa sana, ni wa jamii ya pektini (ile inayogandisha jemu), na wa mlenda hauko mbali nao. Ukitaka kuuona kwa macho, loweka bamia zilizokatwakatwa, chuja kwa kitambaa, kisha mimina spiriti mara mbili au tatu ya hayo maji. Nyuzi nyeupe zitajitokeza na kujikusanya kama kamasi. Ndizo hizo. (Msionje, spiriti ya dukani ni sumu.) Maabara nazo huanzia hapo hapo.

Kwa kuwa haumeng'enywi, utelezi hunasa sehemu ya nyongo na kutoka nayo chooni, na ini hulazimika kutumia lehemu (kolesteroli) kutengeneza nyongo nyingine. Unaofika utumbo mpana huchachushwa na bakteria, wakatoa asidi kama butirati, ambayo ni chakula cha ukuta wa utumbo. Ukuta ukiwa imara, sumu za bakteria hazivuji ovyo kuingia kwenye damu. Na damu itokayo utumboni kituo chake cha kwanza ni ini. Yaani ini linapumua kwa sababu utumbo umetulia.

Sasa hatua zilizorukwa. Ushahidi mwingi wa "kulinda ini" umetoka kwa panya waliolishwa sumu makusudi, kwa mfano kaboni tetrakloridi au parasetamoli kupita kiasi, na kupewa polisakaridi iliyosafishwa, iliyopimwa kwa miligramu. Huyo si baba anayemega tonge na kuchovya mlenda jioni. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba. Andikeni ni mboga ya asili, mseme imekaushwaje na ipikwe vipi. Habari ya ini iacheni. Miongozo ya kimataifa ya viwango vya chakula, iitwayo Codex, inakataza chakula cha kawaida kunadiwa kuwa kinakinga au kutibu ugonjwa, na mtu mwenye homa ya ini akiacha dawa kwa ajili ya pakiti yenu, hiyo ni kesi nyingine.

Magadi yakizidi na mlenda ukachemka sana, minyororo hukatika vipande vifupi na utelezi hupungua. Vipande bado ni nyuzinyuzi, si hasara kubwa. Kinachoumia zaidi ni vitamini C na B1. Wekeni ya kuonja tu.

Ila kama kweli mnalijali ini la mteja, mimi ningeanza na hizo karanga. Ukungu wa karanga na mahindi hutoa sumukuvu, inayopiga ini moja kwa moja. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Moto wa jikoni hauimalizi, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini B hatari ya saratani ya ini hupanda mno. Karanga za bei ya kutupa, zilizosinyaa, zilizovunjika au zilizobadilika rangi, ndizo huwa na sumu nyingi, na ndizo watu hupenda kununua kwa ajili ya kusaga. Mwageni karanga kwenye ungo, mchague kwa mkono kabla ya kukaanga, kwa sababu zikishakuwa unga hakuna jicho litakalozitambua. Mlizozitoa msiwape kuku. Nao wana maini.