Muulize Sista: “Kaka aliniambia tunaenda kuona kontena”

Sista alihudumia wagonjwa wa akili kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Barua hii tumeifupisha, na jina la hospitali tumeliondoa.

SWALI

Habari yako Sista,

Nina miaka 34 na nauza nguo za watoto za mitumba pale Gikomba. Mwezi wa tatu sikulala karibu wiki nzima. Sikatai kwamba sikuwa sawa. Saa tisa usiku nilikuwa nafua mapazia, na siku moja niligawia watoto wa mtaani robota zima la sweta za kamera, yaani za daraja la kwanza, bure, huku nikicheka. Nilihisi nimeelewa jambo ambalo watu wengine wote wa Nairobi wamelikosa.

Jumanne asubuhi kakangu mkubwa alikuja na gari la rafiki yake, pamoja na pasta wetu. Aliniambia kuna kontena limefunguliwa Industrial Area, tuwahi kuchagua kabla ya wenye pesa. Nilijipaka mafuta, nikachukua pesa za mtaji. Njiani nilikuwa nahesabu robota nitakazonunua. Gari likapita njia ya kuingia Industrial Area bila kupunguza mwendo. Nilipouliza, pasta akaanza kuomba.

Getini nilisema sitaki. Nilisema mara nyingi. Wanaume wanne wakanishika, nikadungwa sindano ya paja, nguo ikiwa juu, kakangu amesimama pale na mkoba wangu kwapani. Hakunitazama.

Nilizinduka nikiwa na gauni la wadi. Kesho yake shingo ilianza kuvutwa upande wa kushoto, macho yakapanda juu yakakataa kushuka, ulimi ukawa kama si wangu. Nilipolia, muuguzi alisema najifanya. Daktari aliniruhusu siku ya 14, lakini nilikaa siku tisa zaidi kwa sababu bili haikuwa imelipwa. Siku ya kutoka, viatu vyangu havikuonekana. Nilipewa patipati, moja ya bluu na moja nyekundu, zote za mguu wa kulia. Bado ninazo chini ya kitanda.

Sasa nameza dawa, nalala, nimerudi sokoni. Majirani wananiita “wa Mathari”, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na hata si Mathari nilikolazwa. Kakangu anasema nimshukuru. Desemba mdogo wetu wa kike ana ruracio, sherehe ya mahari, na tutakaa meza moja. Je, walikuwa na haki? Wanaweza kunifanyia hivi tena? Na huyu kaka nimwambie nini?

Wa Sweta, Kayole

JIBU

Mwanangu Wa Sweta,

Naanza na shingo, kwa sababu hilo haliwezi kungoja Desemba. Hukuwa unajifanya. Nimeona shingo kama hiyo mara nyingi. Baadhi ya sindano kali za kutuliza, haloperidoli ikiwa mojawapo inayotumika sana, zinaweza kukaza misuli ya shingo, taya na macho katika siku za mwanzo. Mgonjwa anakuwa kama mtu anayechungulia dirisha lililo nyuma yake. Dawa ya kuifungua misuli ipo. Wengi wanaijua kwa jina la Artane, na ikihitajika haraka kuna ya sindano, mtu analegea upesi. Muuguzi aliyesema unajifanya alipaswa kukimbia kabatini, si kukukemea. Nasema hivyo nikiwa nimevaa sare ileile miaka 31, na ninaona aibu kwa niaba yake.

Kwa hiyo rudi pale uombe muhtasari wa kuruhusiwa kwako, wenye majina ya dawa zote ulizopewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako zilizohifadhiwa. Kama hutaki kuliona lile geti tena, andika barua umtume mtu unayemwamini. Jina la hiyo sindano lijue kama unavyojua tarehe yako ya kuzaliwa, ulitaje mbele ya kila daktari hata ukienda kwa ajili ya jino.

Sasa haki. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilimruhusu mume, mke au jamaa kuandika ombi la kumlaza mtu bila hiari yake, mradi awe amemwona kwa macho yake ndani ya siku 14 zilizotangulia, na daktari aunge mkono kwa maandishi. Kakako ni jamaa na alikuona, kwa hiyo hapo alikuwa na mahali pa kusimama. Pasta, kwa maoni yangu, angebaki kanisani. Lakini sheria hiyohiyo ilimtaja mgonjwa wa namna hiyo kuwa ni yule ambaye kwa wakati huo hawezi kueleza kama anataka matibabu au hataki. Wewe ulieleza. Ulieleza mpaka walinzi wakasikia. Zamani tulikuwa tukiujadili mstari huo kwenye chumba cha chai, na jibu la wakubwa zetu lilikuwa moja: anayesema “sitaki” hajui anachosema, na anayesema “sawa” amepata nafuu. Ukilitazama vizuri, hapo mgonjwa hana neno analoweza kusema likasikika.

Mwaka 2022 Bunge liliirekebisha sheria hiyo. Sasa imeandikwa wazi kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa matibabu yake, kushirikishwa katika kuyapanga, na kumteua mtu wa kumwakilisha. Kulazwa bila hiari hakukufutwa. Lakini hakuna mahali popote, kwenye sheria ya zamani wala ya sasa, palipoandikwa kontena.

Zile siku tisa za bili ni jambo jingine kabisa, na hapa sipepesi macho. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi hapa Nairobi kwa kukosa pesa, ikasema kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Deni linadaiwa kama madeni mengine. Kama una nguvu ya kulalamika, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu inapokea malalamiko bila malipo, na mambo ya wadi zetu si mageni kwao. Mwaka 2011 walitoa ripoti nzima kuhusu jinsi nchi hii ilivyowatupa wagonjwa wa akili. Kama huna nguvu, acha kwanza. Hakuna atakayekudai ushujaa.

Wanaweza kukufanyia tena? Ndiyo. Nikikudanganya hapa nitakuwa nimepanda gari moja na kakako. Usingizi ukipotea tena na ukaanza kugawa mtaji, watu wako wataogopa, na anayeogopa hufanya analolijua. Basi wape la kujua. Wakati huu ambapo unalala, kaa na dada yako, yule wa ruracio, muandike karatasi. Iseme dalili zako zinaanzaje: usiku wa kwanza bila usingizi ni kazi nyingi, wa pili ni bahati mbaya, wa tatu ni kliniki. Iseme nani akwambie, maana huenda kauli ya dada ikakuingia na ya kaka ikakuwasha. Iseme sindano ipi iliyokukaza shingo. Iseme nani anashika ufunguo wa kibanda na nani analipa chama, na kwamba namba ya siri ya M-Pesa haipewi mtu. Iseme ungependa nani akuvue nguo kama ni lazima nguo zivuliwe. Usicheke, hilo ndilo wanawake wengi walilonililia. Nakala moja iwe kwa dada, moja kwenye faili lako la kliniki. Karatasi hiyo haina nguvu ya amri ya mahakama, na daktari wa zamu ya usiku anaweza kuipita. Lakini nimewahi kumpokea mgonjwa aliyekuja na yake kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, na usiku ule hatukumshika mkono hata mara moja. Alitembea mwenyewe hadi kitandani akitusomea.

Kuhusu “wa Mathari”. Hospitali hiyo ipo tangu 1910, enzi za wakoloni, na kwa zaidi ya miaka mia Nairobi imeligeuza jina lake kuwa tusi la kwenye matatu. Ukianza kujitetea kwamba hukulazwa huko utakuwa umekubali kwamba kulazwa huko ni aibu. Mimi ningewauliza kama wanataka sweta.

Sasa kaka. Wako watakaokwambia alikuokoa, unyamaze. Wako watakaokwambia alikuuza, umkate. Mimi nimekaa upande wa ndani wa geti, na nimewaona wote wawili: waliookolewa kwa kuletwa kwa nguvu, na wale ambao jamaa zao walisubiri wakubali wenyewe, tukaletewa habari zao tu. Siwezi kusema alikosea kukutafutia hospitali wiki ile. Ila sindano umeieleza kwa sentensi moja, na kontena umelieleza kwa aya nzima. Ulijipaka mafuta. Ulihesabu robota. Naona kidonda kiko pale kwenye kiti cha nyuma cha gari, kabla hamjafika.

Miaka ya tisini tulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyeletwa kwa hila kama hiyo. Aliambiwa anakwenda kusahihisha mitihani. Wiki mbili baadaye, alipotulia, nilimngojea aniulize kuhusu siku ile, maana miguu yake niliishika mimi. Aliuliza saa yake ya mkononi iko wapi. Ilikuwa kwenye bahasha kabatini, imesimama. Akaitia ufunguo taratibu, kisha akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Mke wake alikuja kumtembelea kila Jumapili, naye kila Jumapili aliuliza tarehe kwa mtu mwingine, hata kama mke ndiye aliyekaa karibu zaidi.

Usisubiri siku ya ruracio. Siku hiyo kuna mbuzi, wazee na watu wa upande wa pili, na kakako atajificha nyuma ya shughuli. Mwite nyumbani kwako wiki kadhaa kabla, mpikie chai. Mwambie akusimulie wiki ile kama alivyoiona yeye, usiku kwa usiku, na umwache amalize. Kuna mambo hukumbuki, na kuna usiku ambao huenda alilala mlangoni kwako bila wewe kujua. Akimaliza, msimulie safari ya gari kama ulivyonisimulia. Shukrani asiidai, na msamaha usiharakishwe. Vyote viwili vinaweza kukosekana siku hiyo na chai ikanywewa hivyohivyo.

Dawa usiache ghafla kwa sababu unalala vizuri. Unalala vizuri ukiwa nazo. Zikikuletea uzito au mikono kutetemeka, sema kliniki wakubadilishie au wapunguze.

Na zile patipati za mguu mmoja, usizitupe kabla kakako hajaja. Alitia sahihi, akaacha mkoba, akaondoka. Ziweke pale mezani karibu na kikombe chake, azione.