Otomatiki mteremkoni: maandalizi hufanyika juu

Aliyezoea gia ya mkono akishuka mlima wa mawe na otomatiki, gari linalojibadilishia gia lenyewe, kwa mara ya kwanza hushtuka: ameachia mafuta, lakini gari halijizuii. Nami nilishtuka hivyo, nikaikandamiza breki, tairi za mbele zikafunga na usukani ukabaki pambo. Gari lilisimama kwa hisani ya jiwe.

Sababu ni hii. Kati ya injini na gia boksi hakuna klachi ya kubana. Kuna mafuta yanayosukumwa baina ya mapangaboi mawili. Tairi zinapoizungusha injini badala ya kuzungushwa nayo, mafuta hayo huteleza kidogo na uzuiaji unapungua. Isitoshe, otomatiki nyingi za zamani zikiwa kwenye D, nafasi ya kawaida ya kwenda mbele, gia ya kwanza hushikwa na klachi ya njia moja: inavuta, lakini tairi zikizidi mwendo huzunguka bure, kama baiskeli ukiacha kupiga pedali. Ni mpaka uweke L au 1, yaani gia ya chini kabisa, ndipo gia boksi huibana pande zote mbili. Ndiyo maana siiamini D mteremkoni, hata kwa mwendo wa kobe.

Kwa hiyo simama kabla ya ukingo, ushuke kwa miguu ukaitazame njia. Ukirudi, kanyaga breki, weka N (nyutro), ingiza 4L, yaani tairi zote nne kwa gia nzito, halafu L. Difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya ekseli mbili, kama ina loku, ifunge, ili injini izuie ekseli ya mbele na ya nyuma pamoja.

Breki bado utaihitaji, ila kwa mguu mwepesi usiorukaruka. Nyuma ikianza kutoka pembeni, achia breki na uguse mafuta kidogo tairi zipate kubingirika tena. Moyo utakataa, fanya hivyo hivyo. Usikate kona katikati ya mteremko, gari litalala ubavu. Ukishaanza kushuka, nyutro hata usiifikirie.

Wenye kitufe cha kushukia, kinachodhibiti mwendo mteremkoni chenyewe na kilichoanza na Land Rover Freelander mwaka 1997, wasibweteke. Kinafinya breki zilezile, tairi moja moja, kwa kutumia ABS, mfumo unaozuia tairi zisifunge. Mteremko ukiwa mrefu zinapata moto, na mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yaliyokaa miaka yakinyonya unyevu huchemka mapema kuliko nyuzi 205 za yale mapya. Weka L kwanza, kitufe baadaye. Pedali ikianza kuzama, simama penye tambarare ya kwanza, ungoje zipoe.