Jibu: Kwa nini ramani ya nchi yako ya kubuni haiaminiki

Ndugu yangu, umeuliza mbona ramani ya hadithi yako ni nzuri machoni lakini haimkai mtu akilini. Umeanza na miji na mipaka, kisha mito na milima ukaipachika penye nafasi. Anza na upepo.

Sisi wa Lamu tunalijua hili. Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, huvuma takriban Desemba hadi Machi, na zamani ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi; kusi, upepo wa kusini, ikianza, kama Aprili, vilirudi kwao. Mgeni alikaa miezi akingoja upepo, na ndiyo maana mji ulikuwa na maghala, nyumba za wageni, ndoa za wageni na wenyeji. Chora mishale ya pepo za misimu kabla ya kuweka hata bandari moja. Miji mikubwa itaangukia pale safari zinapokatika.

Mito ndipo wengi huharibu. Mto hupokea vijito. Haugawanyiki katikati ya nchi ukamwagika bahari mbili. Huchanua karibu na mdomo tu, kama Tana. Na mbele ya mdomo usichore mwamba uliofululiza, maana matumbawe hayastahimili maji ya mto yenye tope. Tazama Sabaki, kaskazini ya Malindi: wakati wa mvua bahari hugeuka rangi ya udongo. Acha pengo kwenye mwamba, utie mafungu ya mchanga ya kuwatesa manahodha wako.

Halafu uliza kila mji unakunywa nini. Lamu inanywea vilima vya mchanga vya Shela: mvua huzama mchangani, maji matamu yakakaa juu ya maji ya chumvi. Ukichota kupita kiasi, chumvi hupanda. Takwa, mji wa kale katika kisiwa cha Manda, ulihamwa karne ya 17, na visima kuingia chumvi ni moja ya sababu zinazotajwa. Ukitaka magofu, yape sababu ya namna hiyo kabla ya kumwita joka.

Maji kujaa na kupwa wengi huyasahau kabisa. Mkanda, mlango mwembamba wa bahari baina ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakijaa; yakipwa, chombo hukwama. Hapo una vita vizima bila kubuni ngome: mwenye dau dogo hupenya kwa saa yake, mwenye jahazi kubwa huzunguka nje. Bamvua, yale maji makuu, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo ukiipa dunia yako miezi miwili, keti kwanza upige hesabu ya kalenda.

Kipimo kisikupe taabu. Chombo kikienda noti 5 (maili 5 za baharini kila saa) kwa saa 10 kimekwenda maili 50 za baharini, yaani kilomita 93 hivi. Kata uzi wa urefu huo, upime safari zote.

Mwisho, ile hila ya kuchukua pwani halisi na kuigeuza juu chini. Inafaa, ila upepo haugeuki pamoja na karatasi. Pwani yetu ukiipindua itatazama kaskazini-magharibi, na kusi itaifikia kutoka nchi kavu, mvua yake imeshamwagika njiani. Basi misitu na mashamba uliyoyanakili huku hayana tena haki ya kuwa pale. Futa misitu, uipange upya upande unaopokea upepo wa bahari.