Nyanya za mwisho hazitaki kuiva

SWALI: Shikamoo mama, niko Njombe, Juni hii baridi imeshakaza na nyanya zangu za nyuma ya nyumba bado za kijani, ning'oe tu au nisubiri?

JIBU: Marahaba mwanangu, usisubiri kabisa, sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, ikipiga usiku mmoja tu asubuhi unakuta majani meusi na nyanya zimelainika kama zimechemshwa, inauma sana. Chuma zote zilizokomaa, zile zilizoanza kupauka kitakoni ndo nzuri zaidi, weka kwenye boksi jikoni pamoja na ndizi mbivu moja, gesi ya ndizi ndo inaziivisha, wiki 2 hivi utaona wekundu. Friji hapana! Zenye madoa ya kahawia tenga zisiozeshe wenzake. Zile ngumu kabisa katia achari ya pilipili.