Grafeni: kabla ya kuongeza tabaka, angalia kwanza kioo kiko wapi

Juzi mudogo yangu mmoja wa huku Bukavu kaniandikia WhatsApp, anafanya memwari yake ya chuo juu ya grafeni (karatasi nyembamba ya kaboni), anauliza "kaka, mwangaza haunaswi vya kutosha, niongeze tabaka ngapi?" Nikacheka peke yangu juu swali hilo hilo ndiyo lilinikula miezi minne. Acha nijibie hapa, na wengine wasome.

Tabaka moja la grafeni lina unene wa atomi moja tu na linanasa kama asilimia 2.3 ya mwangaza, uwe mwekundu uwe wa kijani ni ile ile, watu wa Manchester waliipima 2008. Kwa kitu chembamba vile ni mingi sana, ila kwa kifaa ni kidogo. Basi mimi nikafanya akili ya muuza chapati, nikaanza kupanga moja juu ya ingine kwenye kompyuta, tano, kumi, zote nimezilaza palepale juu ya kioo cha dhahabu, eti mwangaza ukirudi utapita mara mbili. Jibu likatoka grafeni hainasi karibu kitu. Nikasema programu imeharibika, nikaiandika upya mara tatu, na moto wa kwetu, yaani umeme, munaujua wenyewe, unakuja usiku wa manane unaondoka kabla hujamaliza chai.

Programu haikuwa na kosa. Funga kamba kwenye mti halafu uitikise, pale kwenye fundo haichezi, inacheza ukisogea. Wimbi la mwangaza kwenye kioo cha metali ni hivyo hivyo, palepale kwenye kioo limelala, sasa grafeni inase nini? Isogeze. Weka katikati silika (oksidi ya silikoni, inapitisha mwangaza) yenye unene wa robo ya urefu wa wimbi, na ni wimbi la ndani ya silika, si la hewani (hapo wengi tunaanguka). Hapo wimbi linacheza maradufu, kunasa kunafuata mraba wake, yaani mara nne, na tabaka moja tu linafika karibu asilimia 9. Kwa mwangaza wa nanometa 1550 silika hiyo ni kama nanometa 270. Ukitaka kupita hapo usiupige mwangaza kwa juu, utembeze kando kando ya grafeni ndani ya mfereji wa silikoni, ndivyo walivyofanya Berkeley 2011.

Kosa yangu ya pili naona aibu kuisema. Nilichagua mwangaza mwekundu juu lazeri niliyokuwa nayo ilikuwa nyekundu, ile ndogo ya sokoni Kadutu watoto wanakimbizia paka. Sasa, uzuri wa grafeni ni kwamba unaweza kuizima kwa voltaji, yaani iache kunasa mwangaza: unaijaza elektroni mpaka viti vya juu vinajaa, fotoni (chembe ya mwangaza) ikija haina pa kupandishia elektroni, inapita zake kama abiria aliyekuta teksi imejaa. Lakini lazima ujaze mpaka zaidi ya nusu ya nguvu ya fotoni. Fotoni ya nanometa 1550 ina nguvu ya elektronivolti 0.8, kwa hiyo unahitaji kupita 0.4, inawezekana. Ile nyekundu yangu ilikuwa karibu 1.9, nusu yake 0.95, na voltaji ya kufika huko kupitia silika ya kawaida inachoma silika yenyewe kwanza. Papa prof aliangalia grafu yangu akaniuliza tu, "na hii utaizima na nini?" Sikuwa na jibu.

(Mama naye alivyosikia grafeni inatoka kwenye grafiti, ile ya krayo ya kuandikia, akauliza kama pesa yote ya minerval, ya kulipia masomo, ilikuwa ya krayo.)

Kwa hiyo mudogo yangu, rudi kwenye tabaka moja, hamia 1550, halafu unitumie faili leo jioni kama moto utakuwepo, na juu yake uniandikie hiyo robo umeipima na wimbi la hewani ao la silika.