Western Breach mwezi Aprili: ogopeni mawe kwanza

Ndugu, nimekuelewa: mnatoka Moshi kupanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kupitia Western Breach (njia ya mwinuko mkali upande wa magharibi) mwezi Aprili, na unahofia maporomoko ya theluji. Hofu yako ina msingi, ila pale adui mkubwa ni mawe. Usiku barafu huyashikilia. Jua likiipiga, inalegea na kuyaachia. Januari 2006 yaliwaua wapandaji watatu Wamarekani kwenye njia hiyohiyo.

Kwa hiyo ondokeni kambi ya Arrow Glacier usiku wa manane, mvuke sehemu mbaya kabla jua halijaifikia. Kila mtu avae helmeti, wapagazi wakiwemo. Hapo tafadhali msibane bajeti. Msipumzike kwenye mkondo wa mawe hata dakika moja.

Theluji ikiganda, buti pekee huteleza. Bebeni kramponi (yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti) na shoka la barafu, na mfanye mazoezi ya kujizuia nalo mkiteleza, kabla ya safari. Theluji mpya iliyorundikwa na upepo ikipasuka au kutoa mlio mzito mkiikanyaga, geukeni.

Mimi ningeiacha Western Breach na kupita njia ya kambi ya Barafu. Kiongozi mwenye leseni akikataa kuendelea, msimbishie. Anayeyumba, kuchanganyikiwa au kukohoa povu kwa ugonjwa wa mwinuko ashushwe saa hiyohiyo, hata usiku, kisha apelekwe hospitali.